Bajeti ya inchi: tuangalie franga yenye imelipwa, hapana ile yenye imetangazwa tu

Mwezi uliopita, watu wa zamu ya usiku tulikuwa tunangoja basi mbele ya mulango wa mugodi. Mwenzetu mumoja alifungua radio katika telefoni yake. Walikuwa wanazungumuzia bajeti ya inchi ya mwaka 2026. Mwengine akamwambia: « Zima ile radio, byote bile ni bya Kinshasa. Siye tunangoya tu mushahara. » Watu walicheka, na yeye akazima. Sisi wadelege wa sindika tulicheka pamoja nao.

Juma lile lile tulichangishana franga kwa ajili ya ndugu yetu mumoja. Mukataba wake na kampani ndogo ya sutretansi ulikwisha katika mwezi wa 7. Bibi yake alizaa salama, lakini hospitali ilimuzuia yeye na mutoto siku 9, mpaka deni ilipwe. Wakati bwana alikuwa na kazi, karatasi ya kampani njo ilikuwa inawafungulia mulango wa hospitali. Siku mukataba ulikwisha, ile karatasi haikuwa tena na maana. Siku ya 9 franga ilitimia, mama akatoka. Kwa kurudi nyumbani hakuna mutu mwenye alicheka. Tulielewa kama mambo ya ile radio yalikuwa mambo yetu.

Ni kwa sababu hiyo tunaandika leo. Kifungu cha 126 cha Katiba kinaomba Serikali ilete bajeti bungeni tarehe 15 ya mwezi wa 9, hapana kisha. Kikao cha bunge chenye kwenda mpaka tarehe 15 ya mwezi wa 12 ni hasa kwa kazi ile. Ni miezi 3 yenye wabunge wetu wanaamua kama mutoto wa muchimbaji atakuwa na mwalimu mwenye kulipwa, na kama bibi yake atazaa bila kufungiwa hospitalini. Na ni miezi 3 yenye sisi huku hatuulizi kitu.

Tulizoea kungojea mukubwa wa kazi

Katika Katanga tulikomaa na wazo kama huduma inatoka kwa mukubwa wa kazi. Union Minière ilijenga kampu, masomo na hospitali. Serikali ilipotwaa migodi ile mwaka 1967, Gécamines iliendelesha ile desturi: nyumba, masomo ya watoto, matunzo, na posho ya bunga kila mwezi. Wazazi wetu hawakuwa na sababu ya kuuliza bajeti ya Kinshasa. Bajeti yao ilikuwa kwa biro ya kampani.

Kisha katika mwezi wa 9 mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukaporomoka. Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tone 400 000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 80. Kwa miaka michache tu ilishuka chini ya tone 50 000. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kazini kwa ule mupango wa kuondoka kwa kujitolea, na wengi wetu tuko watoto wao. Shaba ilipoanguka, masomo na hospitali zilianguka pamoja nayo. Serikali haikuwa imejitayarisha kushika nafasi, na sisi hatukuwa tumejifunza kuidai.

Leo kampani ni nyingi kuliko zamani. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tone miliyoni 3 za shaba, na ni Chile tu inatupita. Lakini wengi wetu tunatumika kwa kampani ndogo za sutretansi, na mikataba ya miezi 6 ao mwaka mumoja. Kwa hiyo tuko katika hali ya wazazi wetu bila kuwa na usalama wao. Huduma yenye kusimama juu ya mukataba wa kazi inakwisha siku ile mukataba unakwisha. Yenye kubakia ni ile ya Serikali, na ile ya Serikali inatoka katika bajeti.

Ahadi 6, mufuko mumoja

Judith Suminwa Tuluka alitajwa Waziri wa Kwanza tarehe 1/4/2024, mwanamuke wa kwanza kushika kazi ile katika inchi yetu. Bunge lilikubali Serikali yake katika mwezi wa 6 wa mwaka ule. Katika mwezi wa 8 mwaka 2025 Serikali yake ya pili ilitangazwa, watu 53, na bajeti ikapewa Adolphe Muzito, mwenye naye alikuwa Waziri wa Kwanza zamani.

Programu ya Serikali iko na ahadi 6, na kati yazo kuko kazi na nguvu ya wakaaji ya kununua vitu, usalama wa inchi, na huduma za musingi. Hakuna mutu mwenye anaweza kukataa hata moja. Magumu yanatokea hapo: ahadi zote 6 ni nzuri, lakini zinakula katika mufuko mumoja.

Na mufuko wenyewe ni mudogo. Bajeti ya mwaka 2025 ilipigiwa kura kwa zaidi ya miliyare 51 000 za franga za Congo, ni kusema karibu dola miliyare 18. Wakaaji tunapita miliyoni 100. Ukigawanya, kila mutu anapata karibu dola 180 kwa mwaka; kwa siku haifike nusu dola. Na katika ile nusu dola munapaswa kutoka mushahara wa askari, wa mwalimu na wa muganga, dawa, barabara, mahakama, biro za mawaziri, na deni ya inje.

Kila mama wa nyumba anajua hesabu ya namna hii. Mushahara unaingia, anatengeneza listi: bunga, nyumba, masomo, maji, viatu vya mutoto. Kama kila mwezi franga inakwisha mbele ya kufika kwa viatu, mutoto atatembea bila viatu, hata kama listi iliandikwa vizuri sana. Ukitaka kujua kama viatu ni kitu cha lazima katika nyumba ile, usisome listi. Angalia miguu ya mutoto.

Kupiga kura si kulipa

Wengi wetu tunafikiri kama bunge likisha kupiga kura, franga inaenda. Hapana. Kufuatana na sheria ya franga za Serikali ya tarehe 13/7/2011, kila gharama inapita hatua 4: kwanza biro inaahidi ile gharama, kisha wanahakikisha kama kazi ilifanywa kweli na ni kiasi gani, kisha wanatoa ruhusa ya kulipa, mwisho njo banki inalipa. Katika kila hatua karatasi inaweza kulala. Kituo cha afya cha Mutshatsha ao cha Kambove hakina mutu Kinshasa mwenye atasukuma karatasi yake kutoka meza moja mpaka ingine. Biro za wakubwa ziko na watu wale.

Tena kuko njia ya mukato: malipo ya haraka, franga inatoka kwanza, karatasi zinafuata nyuma. Njia ile iliwekwa kwa ajili ya mambo yenye hayangoje, kama vile vita ao ugonjwa wenye kuenea. Lakini ilizoewa sana, mpaka FMI katika mupango wake na inchi yetu iliomba ipunguzwe. Ukifikiri, ni mambo rahisi kuelewa: kila dola yenye kupita kwa mulango wa nyuma inapita mbele ya zile zenye kupanga mustari kwa mulango wa mbele. Na katika ule mustari njo kuko masomo, dawa na maji.

Kwa hiyo kila mwaka kuko bajeti mbili: moja ya kutangazwa, ingine ya kulipwa. Ile ya pili inaonekana pia kwa karatasi. Serikali inapaswa kuletea bunge sheria ingine yenye kutoa hesabu ya mwaka wenye umekwisha: nini iliingia, nini ilitoka, kwa biro gani. Mahakama ya Hesabu inaichunguza. Siku bajeti mupya inaletwa, televizyo zote ziko pale. Siku hesabu ya mwaka uliopita inasomwa, haizungumuziwe sana. Lakini ni ile ya pili yenye inaonyesha mahali moyo wa Serikali uko.

Vita na masomo

Kuko wenye watatuambia: « Muko nalilia masomo na hospitali, na inchi iko mu vita. » Wako na haki ya kusema vile. Goma ilianguka katika mikono ya M23 mwezi wa 1 mwaka 2025, Bukavu ikafuata mwezi wa 2. Katika mwezi wa 3 Rais aliamua mushahara wa askari na polisi uongezwe mara mbili. Ndugu zetu wako wanakufa kule, na jamaa nyingi za hapa ziko na mutoto katika jeshi. Hatuwezi kusema ile haikuwa lazima.

Lakini vita haipashwe kuwa sababu ya kila kitu. Ukiongeza franga kwa jeshi na mufuko ni ule ule, lazima upunguze mahali. Ulizo yetu ni moja: inapunguzwa wapi? Kama inapunguzwa kwa safari za wakubwa, kwa magari na kwa gharama za biro, tunakubali pamoja. Kama inapunguzwa kwa dawa na kwa mushahara wa mwalimu, basi ni mutoto wa muchimbaji mwenye analipa vita, na mukubwa halipe kitu. Serikali ilete listi ya vitu vyenye imepunguza; sisi tutajua wenyewe kama ilichagua vizuri.

Masomo ya bule yalitufundisha nini

Hatusemi kama hakuna kitu kinafanyika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilisema masomo ya musingi ni lazima na ni ya bule katika masomo ya Serikali. Kwa miaka 13 ilibakia katika karatasi. Mwezi wa 9 mwaka 2019 ikaanza kweli. Watoto wengi sana walirudi masomoni, na katika kampu zetu kuko wenye waliingia katika darasa la kwanza na miaka 9 ao 10. Ni mufano wenye kuonyesha kama Serikali ikitaka kitu, inaweza kukiweka mbele.

Lakini angalia kwenye ilikwamia. Mushahara wa walimu uliingizwa katika bajeti, ila walimu wengine walibakia inje ya listi ya malipo, mwaka kisha mwaka. Watoto waliongezeka, vyumba havikuongezeka kwa kiasi kile. Mama mumoja alituambia: « Balisema masomo ni ya bule, ni kweli. Lakini mutoto anaikala pa chini, na mwalimu banamulipa bibaya. Sasa mi napeleka ku privé, mushahara wa bwana unaishia paka pale. »

Somo letu ni hili: Serikali haiwezi kuchagua kichwa cha jambo na kuacha miguu. Kutangaza masomo ya bule ni kulipa mwalimu, na chumba, na kiti, na kitabu. Ni vilevile kwa mama wenye kuzaa. Mupango wa kuzalisha bule ulianza Kinshasa mwezi wa 9 mwaka 2023, kisha ukapelekwa polepole katika majimbo. Mupango ni muzuri sana. Lakini kama Serikali inachelewa kulipa hospitali kwa wale mama wenye walizaa bule, hospitali itarudi kuomba franga kwa jamaa, na mulango utafungwa tena. Hapa tunafikiri juu ya ile siku 9.

Franga yenye inatoka chini ya miguu yetu

Kuko sehemu ya bajeti yenye haipite mbali nasi. Sheria ya migodi, yenye ilibadilishwa tarehe 9/3/2018, inaomba kampani ilipe redevansi: 3,5 % kwa shaba, na 10 % kwa kobalti tangu ilitajwa kuwa madini ya maana sana mwisho wa mwaka 2018. Kifungu cha 242 kinaigawanya hivi: 50 % kwa Serikali ya Kinshasa, 25 % kwa jimbo, 15 % kwa komini, sekta ao sheferi kwenye mugodi uko, na 10 % kwa mufuko wa vizazi vya kesho.

Tufanye hesabu kama vile tunahesabu masaa ya nyongeza. Tuseme tone moja ya shaba inauzishwa dola 10 000. Redevansi ni dola 350. Kinshasa inapata 175, jimbo 87 na nusu, komini ao sekta 52 na nusu, vizazi vya kesho 35. Kama mugodi unatoa tone 100 000 kwa mwaka, komini moja ao sekta moja inapaswa kuona zaidi ya dola miliyoni 5 kwa mwaka. Tena kampani inapaswa kutoa 0,3 % ya franga yote ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni ya mugodi: kwa mugodi ule ule ni dola miliyoni 3.

Kwa bei ile, dola miliyoni 5 kila mwaka inaweza kuchimba visima vingi na kujenga vyumba vya masomo vingi. Sasa kila mutu atembee katika mutaa wake, aangalie bomba, aangalie masomo, aangalie kituo cha afya, na aseme mwenyewe kama anaona ile hesabu. Pengine kuko mahali inaonekana. Mahali haionekane, ulizo haiko ya Waziri wa Kwanza tu. Ni ya gavana, ya bunge la jimbo, ya mukubwa wa komini, na ya mwami pia.

Kinshasa nayo iko na deni kwetu. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema 40 % ya mapato ya inchi yenye kutoka katika majimbo inabakia kwa majimbo, inakatwa pale pale. Tangu 2006 Serikali zote zilipita, na zote zilikusanya kwanza, kisha zikarudisha kwa kiasi zilichotaka na wakati zilitaka. Serikali yenye kujiita mupya ingeanza kujionyesha mupya hapo. Kwa kutimiza sheria yenye iko, haina lazima ya ahadi ya 7.

Tusisahau jambo lingine. Franga ile inapanda na kushuka. Mwisho wa mwaka 2008 bei ilianguka, kampani nyingi zikafunga milango, wenzetu wakarudi nyumbani. Tarehe 22/2/2025 Serikali ilisimamisha kuuzisha kobalti inje, kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka sana. Tangu 16/10 ikaruhusu kwa kiasi chenye imepanga. Ilifanya vile kusudi bei ipande, na pengine ni vizuri. Lakini miezi ile tone hazitoke, redevansi haiingie, na komini yenye kutumaini kobalti inakauka. Kwa hiyo mwaka wenye bei ni nzuri, franga isiishe katika magari na karamu. Ijenge vitu vyenye vitabakia mwaka wenye bei ni mubaya.

Na sisi wa sindika?

Tuseme ukweli juu yetu wenyewe. Kila mara tunakaa na wakubwa wa kampani, tunaomba kitu kimoja: mushahara. Tunapata nyongeza kidogo, tunapiga mikono. Kisha miezi 3 nyongeza imekwisha: bido ya maji ya kununua, masomo ya privé, dawa za famasi, pikipiki juu barabara haiko. Mushahara wetu njo unalipa kazi yenye Serikali haikufanya. Kama hatugusi ile, tutaomba nyongeza mpaka pansioni, na mufuko utabakia na tundu.

Wengine wanasema kampani zijenge masomo na hospitali, basi. Zijenge, sheria inaomba. Lakini nyumba ya masomo bila mwalimu mwenye kulipwa na Serikali ni nyumba tu. Tuliona vyumba vizuri vyenye rangi mupya na jina la kampani kwa ukuta, na ndani mwalimu ni wa wazazi, wanamuchangia kila juma.

Kwa hiyo tunaomba mambo yenye kila mutu anaweza kufanya. Mbunge wako wa inchi akirudi likizo, usimuombe T-shirt. Umuulize mwaka uliopita franga ngapi ilipigiwa kura kwa afya na ngapi ililipwa. Mwaka 2001 kule Abuja inchi za Afrika ziliahidi kuweka 15 % ya bajeti kwa afya. Umuulize sisi tuko wapi. Mbunge wa jimbo, umuulize 25 % ya redevansi ilijenga nini, na wapi. Katika Kolwezi na Lubumbashi tulichagua washauri wa komini mwezi wa 12 mwaka 2023. Hawa wanakaa karibu, tunakutana nao sokoni. Wabandike hesabu ya komini kwa ukuta wa biro, ile yenye iliingia na ile yenye ilitoka, kila miezi 3, kwa lugha yenye mama zetu wanasoma.

Sisi wadelege, tumepatana kuweka bajeti katika mikutano yetu, karibu na mushahara na usalama wa kazi. Mukutano wenye unakuja tutaleta ukubwa wa redevansi wenye kampani inasema ililipa, na tutauliza komini kama ilipokea ile ile. Kama namba mbili haziko sawa, tutarudi hapa kuwaambia. Kama ziko sawa, tutawaambia pia, kwa kuwa mutu mwenye alitumika vizuri anapashwa kusikia aksanti.

Yule mutoto wa siku 9 sasa ako na afya. Baba yake angali anatafuta kazi. Kama atapata mukataba ao hapana, siku mutoto ataugua, kituo cha afya cha mutaa kinapaswa kumupokea. Hiyo njo kipimo chetu kwa Serikali hii.